Taa ilikuwa inawaka

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, saa tatu asubuhi, theluji imejaa hadi kwenye kizingiti cha dirisha, mwanangu ananiita toka chumbani kwake kwa sauti ya chini. Hiyo sauti ya chini ndo ilinishtua, maana huyu mtoto akiita huwa jengo zima linasikia.

"Mama, njoo. Mguu wake unacheza wenyewe."

Kokoto, mjusi wetu, alikuwa kalala kwenye kiganja chake. Mguu wa nyuma wa kulia unatetemeka, vile vidole virefu vinajikunja na kujikunjua, kama mtu anayeota anakimbia. Akainua kichwa kidogo halafu akakirudisha taratibu, kichwa kinamwelemea. Juu yao taa zote mbili zinawaka vizuri kabisa, chumba kimejaa mwanga wa njano, joto la kutosha mpaka kijana kavaa singlendi wakati nje ni baridi ya kukausha machozi.

Taa zilikuwa zinawaka.

Hii ni wiki ya saba sasa na bado hiyo ndo sentensi ninayoamka nayo.

Mjusi wa kwetu

Kokoto ni mjusi mwenye ndevu, hawa wa Australia ambao huku Marekani watu wanawafuga sebuleni kama sisi tulivyofuga kuku. Jina la kitaalamu Pogona vitticeps. Ndevu zenyewe ni ngozi ya kooni yenye miba miba, akikasirika anaituna inakuwa nyeusi tii. Mtu mzima anafika kama nusu mita na mkia, na akitunzwa anaweza kukaa na wewe miaka 10 au zaidi. Kijana aliomba mwaka mzima. Nilikataa mwaka mzima.

Kilichonilainisha sikumwambia. Siku alinionyesha video ya huyu mjusi kakaa juu ya jiwe anatikisa kichwa juu chini, juu chini, na mimi nikajiona niko Mwanza, nina miaka tisa, nimekaa kwenye mawe nyuma ya nyumba yetu naangalia wale mijusi wenye kichwa cha pinki na mwili wa bluu wakipigiana vichwa namna ileile. Kwa mtu aliyekulia Mwanza wale si wanyama wa kusimuliwa, ni majirani. Baadae ndo nikasoma kwamba ni ukoo mmoja kabisa, wale wetu na hawa wa Australia wote ni Agamidae, na wa kwetu hadi kwenye jina la kisayansi wameandikwa Agama mwanzae. Nilifurahi kama nimekutana na mtu wa kwetu kwenye foleni ya basi hapa Minneapolis.

Kwahiyo mwezi wa sita mwaka jana tukaenda duka moja la wanyama tukarudi na mtoto wa mjusi wa miezi miwili, tenki la kioo, mchanga, taa ya joto, taa nyekundu ya usiku, na balbu ya kujikunja iliyoandikwa UVB. Muuzaji akasema hapo una kila kitu.

Nilimwamini kwa sababu nilitaka iwe imeisha.

Mende ndani ya nyumba yangu

Ngoja niseme kidogo kuhusu chakula maana hapo tulijitahidi kwa kweli. Akiwa mdogo anakula wadudu zaidi, akikua ndo majani yanachukua nafasi. Wadudu wenyewe ni nyenje, funza wa nzi askari mweusi (BSF) wale wanaolishwa kuku huko nyumbani, na mende. Mende jamani. Mimi niliyekua nikimwona mama anamwaga dawa kwenye kabati kila mwisho wa mwezi, leo nina boksi la mende wa kununuliwa juu ya friji nawapa karoti ili washibe kabla ya kuliwa, kwa sababu mdudu mwenye njaa hana kitu cha kumpa mjusi. Nimezoea. Unamwaga unga wa kalsiamu kwenye mfuko, unatikisa, wanatoka weupe kama maandazi yaliyoviringwa kwenye sukari, unampa.

Majani, furaha yangu ilikuwa kujua kwamba anachotakiwa kula karibu kila siku ni sukuma wiki. Ileile. Nakata ya kwetu ya ugali nampunguzia ya kwake kabla sijaweka chumvi na kitunguu. Spinachi hapana, ina kitu kinachoshika kalsiamu isiingie mwilini. Parachichi hapana kabisa, ni sumu kwake. Na vimulimuli hapana, hata mmoja tu unaweza kumuua, sasa huku kiangazi vimejaa kwenye nyasi jioni kwahiyo kijana alikuwa analinda dirisha kama askari.

Mnaona tulikuwa tunajali. Kalsiamu ilikuwepo, tena kila mlo. Ndo maana ilivyotokea nilishindwa kuelewa.

Nilisoma nusu

Mwezi wa kwanza Kokoto alianza kupoa. Anakaa upande wa baridi wa tenki, hapandi jiwe lake, anafumba macho saa nane mchana. Chakula anaonja anaacha. Kijana akaniambia, nikafanya kile ninachofanya siku zote, nikasoma. Nikakuta neno: brumesheni. Kwamba hawa mijusi kwao kukiwa na baridi wanajichimbia na kulala wiki nyingi, hata miezi, hawali, na hata wa kufugwa ndani mwili unakumbuka msimu. Usimsumbue, weka maji, mpime uzito, subiri.

Nilipumua. Nikamwambia kijana kwa uhakika wote wa mama, "Kalala tu, ni msimu wake."

Wiki tatu.

Sasa kwenye maandishi yaleyale, mistari michache chini, ilikuwa imeandikwa kwamba kwa kawaida mjusi ambaye hajafika mwaka hafanyi brumesheni, na kwamba kabla ya kumwacha alale apelekwe kwa daktari aangaliwe kama hana minyoo au ugonjwa, kwa sababu kulala na kuumwa vinafanana. Nimerudi kuisoma ile kurasa baadae. Ipo. Niliipita. Nilikuwa nimeshapata jibu ninalolitaka, na jibu likishakuwa tamu jicho halishuki tena chini.

Hili ndo limenisumbua kuliko lile la duka. Kama ningekuwa sijui chochote ningeogopa, na ningeogopa ningempeleka hospitali wiki ya kwanza. Nilijua kidogo, na hicho kidogo kikanituliza.

Alichouliza daktari

Kupata daktari wa wanyama anayejua mijusi si rahisi, tulisafiri dakika 50 kwenye barafu, Kokoto kwenye kiboksi kilichofungwa taulo na chupa ya maji ya moto pembeni. Daktari akamshika taya kwa vidole viwili, polepole kabisa, akabonyeza. Taya ikabonyea. Kama mpira. Mfupa wa taya haufai kubonyea.

Kwenye picha ya eksirei mifupa yake ilikuwa hafifu, kama mchoro wa penseli uliofutwa nusu, na mguu wa kulia umepinda.

Daktari hakuuliza anakula nini. Aliuliza, "Taa ya UVB mmeiweka lini, na ni ya aina gani?"

Nikamwambia mwezi wa sita, ile ya kujikunja, iko juu ya wavu wa kufunika tenki. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeshasikia jibu hilo mara nyingi. Akatueleza, na nitaeleza kwa namna nilivyoelewa mimi: kalsiamu ukimpa mezani haiingii mwilini bila vitamini D3, na hiyo D3 huyu mjusi anaitengeneza kwenye ngozi yake akipigwa na mionzi ya UVB, ile ambayo macho yetu hayaioni. Mionzi ikikosekana chakula kinapita tu. Mwili bado unahitaji kalsiamu kwa ajili ya misuli na moyo, kwahiyo unaenda kuikopa kwenye mifupa. Unakopa, unakopa, mifupa inalainika, na damu ikipungukiwa sana ndo misuli inaanza kutetemeka.

Ule mguu ulikuwa unatetemeka kwa sababu alikuwa ameanza kujila mifupa yake mwenyewe, chini ya taa iliyokuwa inawaka.

Na mimi nikiwa nimekaa pale nikakumbuka baridi yangu ya pili huku, nesi ananipigia simu kuniambia vitamini D yako iko chini sana, ananiandikia vidonge vya mara moja kwa wiki. Nilikuwa naumwa magoti na kuchoka miezi mingi nikidhani ni kazi za usiku. Mtu wa Mwanza, ngozi yangu hii, nimehamia mahali ambapo jua la mwezi wa kwanza linawaka kwenye anga ya bluu na theluji nyeupe, linang'aa mpaka unaumia macho halafu halikupi kitu. Nilijua, yaani. Kwenye mwili wangu mwenyewe nilishajua kwamba mwanga na jua ni vitu viwili.

Sifuri

Kuna mama mmoja mtaa wa pili anafuga mijusi miaka mingi, kijana wake anasoma na wa kwangu. Alivyosikia akaja na kifaa chake cha kupima UV, kidogo kama rimoti, bei yake inazidi dola 200 ndo maana wengi hawana. Tukaiwasha ile balbu yetu gizani. Ikawaka, nyeupe, nzuri. Akakishika kifaa pale ambapo mgongo wa Kokoto hukaa.

0.0

Akasogeza karibu, chini ya wavu, juu ya wavu. Karibu kabisa na kioo cha balbu ndo kifaa kikaonyesha kitu kidogo. Hizo balbu zinaisha nguvu ya UVB huku mwanga wake ukibaki vilevile, na wavu nao unakula sehemu kubwa ya kile kinachobaki. Hakuna siku ambayo ningeingia chumbani nikaona kitu kimebadilika.

Akatoa na kile kipimajoto cha kulenga, kama walichokuwa wanatulenga nacho kwenye paji la uso kipindi cha korona. Saa ya joto tuliyobandika kwenye kioo inasoma 40. Jiwe lenyewe, pale anapolaza tumbo, 32. Mjusi huyu anahitaji pale juu kama 40 ili tumbo lisage chakula, halafu upande wa pili kupoe mpaka 25 hivi, aweze kujichagulia. Yeye hana jiko mwilini kama sisi. Anapika kwa kutembea, akitaka joto anasogea, akitosheka anaondoka. Na sisi tulikuwa tumempa chumba kizima cha uvuguvugu.

Usiku ule

Nilikuwa namfunika kijana, nikidhani kalala.

"Mama, ni mimi?"

Nikamwambia hapana. Kazi yako ilikuwa kulisha na kusafisha, taa zilikuwa kazi yangu, nilizinunua mimi na niliyesema kalala tu ni mimi.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Lakini mimi ndo nilikuwa naiwasha kila siku."

Kweli. Kila siku saa moja asubuhi kabla ya shule, hajawahi kusahau hata siku moja, hata siku za homa. Alikuwa anaamini anamwashia jua.

Sikuwa na jibu. Nilikaa kwenye kapeti mpaka akalala kweli.

Je tungemwacha?

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa na wazo moja sikumwambia mtu, kwamba huyu mnyama hakupaswa kuwa hapa. Australia wenyewe wamezuia kuwatoa wanyama wao pori kibiashara tangu miaka ya 1960, hawa wote waliopo huku ni wajukuu wa wajukuu wa wale waliotolewa zamani, wamezaliwa kwenye maboksi kwa vizazi. Kokoto hajawahi kuona Australia na hawezi kurudishwa. Hata jangwa nililomfikiria mimi, lile la mchanga mtupu, si lake, kwao kuna udongo mgumu, vichaka, mawe, magogo, wanapenda kupanda juu ya nguzo za uzio waangalie dunia. Sisi tulimwagia mchanga wa dukani ambao akiumeza unaweza kumziba tumbo.

Nilisoma pia kitu kimoja kikanikosesha usingizi: mayai ya hawa mijusi yakiatamiwa kwenye joto linalozidi nyuzi 32 hivi, yale ambayo yangekuwa madume yanageuka majike, na mwaka 2015 wanasayansi walionyesha kwamba inatokea hata porini. Joto tu, linabadilisha mtoto atakuwa nani. Na juu ya kichwa ana jicho la tatu, kidoa kidogo kama punje, halioni picha, linaona mwanga na kivuli, ndo maana mkono ukimshukia kutoka juu anaruka akidhani ni mwewe. Mnyama ambaye kila kiungo chake kimeumbwa kuongea na jua. Na swichi ya jua lake iko ukutani kwangu, karibu na koti za shule.

Nilimpigia mama. Mwanzoni alipojua tunafuga mjusi alicheka mpaka akaomba simu apewe dada, na suala la mende mpaka leo hataki kulisikia. Safari hii hakucheka. Nikamweleza yote nikamuuliza mama, unaonaje, nimtafutie mtu anayejua zaidi amchukue?

Akakaa kimya kidogo, kuku wanasikika nyuma yake. Akasema, "Mwanangu, mbuzi ukishamfunga kamba majani ni juu yako, maana yeye hawezi tena kuyafuata. Sasa wewe unaniuliza habari ya kumhamishia mtu mwingine kamba? Kata majani."

Akahamia kwenye habari ya mchango wa harusi ya binamu.

Kukata majani

Kwahiyo tukaanza. Tenki la zamani tukauza bei ya kutupa, tukampata nyumba ya mbao yenye mlango wa kioo, sentimita 120 kwa 60 kwa 60, ya mtumba, imenigharimu zamu mbili za ziada. Tyubu ndefu ya UVB, aina ya T5, inayofunika zaidi ya nusu ya urefu wa nyumba, siyo kibalbu cha kona. Yule mama akatuazima kifaa chake tukashusha na kupandisha tyubu mpaka pale juu ya jiwe kifaa kikasoma UV kati ya 4 na 5, na upande wa pili kivuli kabisa, kwa sababu kumbe na jua lenyewe anatakiwa aweze kulikimbia.

Taa nyekundu ya usiku nimeitupa. Usiku ni giza, nyumba yetu haishuki chini ya nyuzi 20, inamtosha.

Mchanga tumetoa. Kijana alienda duka la vifaa vya ujenzi na baba yake wakarudi na vipande vya mawe bapa, wakavipanga kwa ngazi, kimoja juu ya kingine, kipana chini, na wakavigandisha visije vikamwangukia. Nilipoingia chumbani nilisimama mlangoni. Hakuna aliyemwambia, hajawahi kufika, lakini kwa namna alivyoyapanga ilikuwa ni kilima cha nyuma ya nyumba ya bibi yake.

Dawa ya kalsiamu ya maji tulimpa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone tone pembeni ya mdomo, kipimo cha daktari, kijana anamshika mimi natia. Mikono inaoshwa kabla na baada, na vyombo vyake haviingii kwenye sinki la jikoni, maana hawa wanabeba salmonela bila wao kuumwa na nina binti wa miaka mitatu hapa ndani ambaye kila kitu kwake ni cha kubusu. Yeye anaruhusiwa kupunga mkono kwa mbali. Na Kokoto wakati mwingine kweli ananyanyua mkono mmoja anauzungusha polepole hewani, wenzao wanafanya hivyo wakimwambia mkubwa "mimi si tishio." Binti anaamini anasalimiwa.

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Ya pili mguu ulipunguza kutetemeka. Ya tatu nilimsikia kabla sijamwona, kucha zinakwaruza jiwe, alfajiri, anapanda mwenyewe. Anapanda vibaya, mguu wa kulia unachora nusu duara hewani kabla haujapata pa kushika, na daktari ameshatuambia hicho kipinda kitabaki maisha yake yote. Taya imeanza kukaza. Juzi amekula mende sita na akarudi kwenye sukuma wiki.

Alipofika juu alijibapaza, mwili ukawa mpana kama chapati, rangi ikageuka nyeusi kidogo ili avute joto vizuri. Akafungua mdomo. Tukaangaliana mimi na kijana, bado tunaogopa kila kitu, nikakimbilia simu nikasoma, safari hii mpaka mstari wa mwisho. Ni kawaida, akiiva joto huachama.

Halafu nikampigia na daktari pia.

Jana nilikuwa nafuta vumbi chumbani nikaona kipande cha gundi ya karatasi kimebandikwa kwenye fremu ya tyubu, mwandiko wa kijana, herufi kubwa: IMEWEKWA MACHI 2. IPIMWE JUNI. IPIMWE SEPTEMBA. ISIANGALIWE KWA MACHO.